UZI: Digrii ni lazima ili mtu afanikiwe maishani, au tunatishana tu?

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu salaam.
Mjadala huu umenichosha kwenye vikao vya familia, nauleta hapa labda utakutana na vichwa vilivyotulia. Msimamo wangu: digrii si lazima. Bill Gates aliacha Harvard 1975, mwaka huohuo Microsoft ikaanza. Zuckerberg aliacha chuo hichohicho 2004. Steve Jobs alikaa muhula mmoja tu Reed College. Elon Musk naye aliacha. Upande wa pili sote tunawajua watu wenye shahada mbili ambao bado wanatembeza bahasha. Kama cheti ndicho kinacholeta mafanikio, mbona hesabu inakataa?
Mnaotetea digrii njooni na sababu. "Elimu ni ufunguo wa maisha" tuliikariri tangu shule ya msingi, haihesabiki.

#2 Bundi Mkesha
Nimekaa siti ya mbele.

#3 Mzee wa Hesabu
Orodha yako ina matobo, mkuu. Musk ana shahada za Chuo Kikuu cha Pennsylvania, fizikia na uchumi. Alichokiacha ni uzamivu wa Stanford, tena mwanzoni kabisa. Page na Brin wa Google ni hivyohivyo: waliacha uzamivu wakiwa na uzamili mkononi. Bezos wa Amazon alimaliza Princeton 1986. Buffett, yule mwekezaji, ana uzamili wa Columbia.
Na huyo Gates mnayempenda alisoma sekondari ya kulipia iliyokuwa na mashine ya kuunganishwa na kompyuta mwaka 1968, wakati vyuo vingi duniani havikuwa nayo. Baba yake mwanasheria. Kuacha Harvard na kutofika Harvard ni mambo mawili mbalimbali.

#4 Kalamu Nyekundu
Haya, mtoe Musk. Waliobaki wanatosha. Na kama hutaki matajiri wa kompyuta, ndugu Wright walioirusha ndege 1903 hawakuwa hata na cheti cha sekondari. Michael Faraday alianza kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, mwanakemia Humphry Davy akamchukua maabara 1813, na 1831 akagundua kanuni ambayo jenereta za umeme zinaifuata mpaka leo. Digrii yake iko wapi?

#5 Mtu wa Ajira
Leo Faraday angejaza fomu ya maombi mtandaoni, na mfumo ungemtupa kabla Davy hajaliona jina lake.

#6 Dada Mpole
Kalamu, kuna mtaalamu wa takwimu aliitwa Abraham Wald. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi walikuwa wakitazama ndege zilizorudi zina matundu wapi, wakataka kuongeza chuma palepale penye matundu. Hoja ya Wald ilikuwa kinyume: ongezeni pale pasipo na tundu, kwa sababu zilizopigwa pale hazikurudi mkazihesabu.
Sasa na wewe unahesabu ndege zilizorudi. Walioacha chuo wakafilisika hawaandikwi popote.

#7 Kisu Butu
Wald mwenyewe alikuwa na uzamivu. Nimeishia hapo.

#8 Kalamu Nyekundu
Dada Mpole, hoja yako inakata pande zote mbili. Vyuo navyo vinatuonyesha waliofaulu tu. Kwenye mabango ya matangazo ya chuo umewahi kuona mhitimu aliyekaa nyumbani miaka?

#9 Dada Mpole
Hiyo nakubali. Ndiyo maana tuache majina ya watu, tutazame makundi.

#10 Mzee wa Hesabu
Makundi haya hapa. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mwaka 2023, wafanyakazi wa muda wote wenye miaka 25 na zaidi. Mapato ya katikati kwa wiki:
sekondari tu, dola 899
aliingia chuo asimalize, dola 992
shahada ya kwanza, dola 1,493
Ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.9 kwa wa sekondari na 2.2 kwa wenye shahada. Ni nchi moja, lakini mwelekeo huo unaonekana karibu kila mahali palipopimwa. Wachumi waliokusanya tafiti za nchi nyingi wanasema kila mwaka mmoja wa ziada shuleni unaongeza kipato kwa karibu asilimia 9.

#11 Bundi Mkesha
Ngoja kidogo. Aliyesoma asimalize anapata 992, aliyemaliza 1,493? Yaani miaka miwili au mitatu ya darasani inaongeza dola 93, halafu siku ya kuvaa joho inaongeza 501?

#12 Mtu wa Ajira
Bundi umeshika penyewe. Michael Spence aliandika jambo hilo 1973, na 2001 akapata Nobeli ya uchumi pamoja na Akerlof na Stiglitz. Hoja yake kwa ufupi: mwajiri hakuoni ndani. Anatafuta dalili ambayo mtu mzembe ingemgharimu sana kuipata. Hata kama chuo hakikufundishi chochote, kule kumaliza kunamwambia mwajiri kwamba unaweza kukaa na jambo gumu mpaka mwisho.
Niwape na siri ya ofisini. Nafasi moja ikitangazwa, maombi yanamiminika, na hakuna binadamu anayeyasoma yote. Kichujio cha kwanza ni shahada ipo au haipo. Asiye nayo huenda anaijua kazi kuliko wote. Lakini mtu niliyemchukua akiharibu, bosi ataniuliza kwa nini nilimpitisha. Nikijibu "vyeti vyake vilikuwa safi", nimepona. Nikijibu "alinivutia alivyojieleza", tunaondoka wawili.

#13 Mzee wa Hesabu
Spence ni nusu ya habari. Kabla yake Gary Becker, 1964, alieleza kwamba masomo yanamwongezea mtu uwezo halisi wa kuzalisha, na kwa kazi za namna hiyo naye akapewa Nobeli 1992. Hiyo tofauti ya 501 anayoishangilia Bundi haithibitishi kitu. Walioacha njiani si watu walewale. Wengine walifeli, wengine waliugua, wengine fedha ziliwaishia. Huwezi kuwapanga pembeni ya waliomaliza ukasema kilichowatofautisha ni joho.

#14 Nusu Digrii
Mimi ni mmoja wa hao wa 992 mnaowachambua, ahsanteni kwa kunijadili.
Niliachia baada ya mwaka wa tatu, ada ilikatika. Naandika programu za kompyuta. Kwenye kampuni ndogo hakuna aliyewahi kuniuliza cheti, walitaka kuona nilichotengeneza. Nikapanda mpaka nikawa naongoza kikosi. Kisha tukanunuliwa na kampuni kubwa, wakaja na muundo wao wa madaraja, kila daraja na sifa zake zimeandikwa. Pale nilipokuwa nimekaa pakawa panahitaji shahada. Kijana niliyemfundisha kazi ndiye mkuu wangu sasa. Kijana mwema, bado ananiletea maswali yake, na bado namjibu.

#15 Kalamu Nyekundu
Pole ndugu. Ila hapo kilichokukwamisha ni urasimu, digrii haina kosa. Kazi uliimudu.

#16 Nusu Digrii
Mshahara unaopitia kwenye urasimu ndio unaolipa kodi ya nyumba, mkuu.

#17 Waya Mtupu
Nyie wa kompyuta mna maneno. Mimi ni fundi umeme. Digrii sina. Leseni ya ufundi ninayo, vijana chini yangu ninao, nyumba nimejenga. Tatizo ni tenda kubwa. Zinataka michoro iwe na saini ya mhandisi aliyesajiliwa, na kusajiliwa kunataka shahada. Nikahangaika na hilo muda mrefu, mwisho nikaajiri mhandisi. Yeye anasaini, mimi nalipa.

#18 Kisu Butu
Sasa Waya hapo umethibitisha ni lazima au si lazima?

#19 Waya Mtupu
Lazima iwepo. Si lazima iwe yangu.

#20 Bundi Mkesha
🤣🤣 Mod, uzi ufungwe.

#21 Mzee wa Hesabu
Usifungwe. Waya, na huyo mhandisi anakuzuia mara ngapi kufanya jambo ambalo lingeunguza jengo? Mimi naona unanunua zaidi ya saini.

#22 Waya Mtupu
Mara chache. Juzi alinikatalia ukubwa wa waya kwenye jengo moja la ghorofa, tukabishana, akanifanyia hesabu ya joto mbele ya macho. Nilinyamaza. Ila na yeye siku ya kwanza site alitaka kushika kitu bila kupima kama kina moto. Kila mtu amemwokoa mwenzake.

#23 Zamu ya Usiku
Nimesoma kimya toka mwanzo. Mimi ni muuguzi, nilianza na diploma, nikarudi kusoma shahada nikiwa kazini. Nilipomaliza nilirudi wodi ileile, wagonjwa walewale, majukumu yaleyale, daraja la mshahara likapanda. Wenzangu wa diploma walinikasirikia, na sikuwalaumu.
Lakini msiharakishe kusema ni karatasi tu. Mwaka 2014 kwenye jarida la Lancet ulitoka utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya, ukiongozwa na Linda Aiken. Pale ambapo wauguzi wenye shahada walizidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Mgonjwa hajali madaraja yenu ya mshahara.

#24 Nusu Digrii
Dada hiyo ni nzito. Lakini hospitali yenye wauguzi wengi wa shahada si ndiyo pia yenye fedha, vifaa na madaktari wengi?

#25 Zamu ya Usiku
Walijaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu, pamoja na mzigo wa wagonjwa kwa kila muuguzi. Huo mzigo nao unaua, waliukuta kwenye utafiti huohuo. Ukiniuliza mimi, nikiwa na wagonjwa kupita kiasi shahada yangu inabaki mlangoni.

#26 Kisu Butu
Mnazunguka sana. Daktari, mwanasheria, rubani: bila digrii huingii. Mfanyabiashara, msanii, mchezaji: haina kazi. Mjadala umekwisha, tukalale.

#27 Dada Mpole
Kisu, mwanasheria mtoe. Kwenye majimbo ya Marekani kama California na Vermont unaweza kusomea sheria ofisini kwa wakili, bila kukanyaga shule ya sheria, kisha ukafanya mtihani wa uwakili. Abraham Lincoln alijisomea hivyohivyo vitabuni.

#28 Bundi Mkesha
Na rubani mtoe pia. Sheria inataka leseni na saa za kuruka. Marekani, leseni ya juu ya ndege za abiria ni saa 1,500. Ukiwa na shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa wanakupunguzia, unaanza na saa 1,000. Kwa hiyo digrii ina thamani ya saa 500 angani, imeandikwa.

#29 Mtu wa Ajira
Kama ni viwango vya kubadilishia, kuna kingine. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani inataka shahada au kinacholingana nayo. Kwa asiye nayo, miaka 3 ya uzoefu inahesabiwa sawa na mwaka 1 wa chuo. Shahada ya miaka 4 ni uzoefu wa miaka 12.

#30 Kisu Butu
Miaka 12 kulipia 4! Riba hiyo hata mkopeshaji wa mtaani angeona aibu.

#31 Nusu Digrii
Kwa hiyo mimi nadaiwa mwaka mmoja tu wa darasani, au mitatu ya kazi. Nimeshailipa, risiti niichukue wapi?

#32 Mama Wawili
Kwa heshima zenu, mmejaa mishahara tu. Wachumi Anne Case na Angus Deaton walipima jambo jingine: Mmarekani mwenye miaka 25 ana matarajio ya kuishi muda gani zaidi. Mwaka 1992 mwenye shahada ya kwanza alimzidi asiye nayo kwa takribani miaka 2.6. Kufika 2021 pengo lilikuwa 8.5. Kama kuishi ni sehemu ya mafanikio, hapo kuna jambo kubwa kuliko kichujio cha Mtu wa Ajira.

#33 Kalamu Nyekundu
Mama, darasa la chuo haliongezi umri. Kilichobadilika ni kwamba wasio na digrii walifungiwa kazi nzuri zenye bima ya afya na heshima. Huo ni ushahidi wangu, si wenu! Jamii inayomwadhibu mtu kwa kukosa karatasi mpaka anakufa mapema ndiyo ninayoilalamikia.

#34 Mama Wawili
Nakuelewa, baba. Lakini nina watoto wawili na hiyo jamii sitaibadilisha kabla hawajafika miaka 18. Wewe lalamika, mimi nalipa ada.

#35 Mzee wa Hesabu
Kuna maelezo ya tatu ambayo hayajaguswa: pengine wanaoenda chuo walikuwa tayari na afya na nyumba bora kabla ya kwenda. Ila hilo halielezi kwa nini pengo liongezeke mara tatu ndani ya miaka 30. Sina jibu la mkato, na nashangaa wenye nalo.

#36 Kalamu Nyekundu
Zama nazo zimegeuka. IBM na Google waliondoa sharti la shahada kwenye kazi zao nyingi. Jimbo la Maryland liliondoa kwa maelfu ya kazi za serikali 2022. Bilionea wa teknolojia Peter Thiel alianzisha mpango wa kuwapa vijana dola 100,000 waache chuo, na mmoja wao ni Vitalik Buterin wa Ethereum, ile ya sarafu za kidijitali. Hamuoni upepo unakoelekea?

#37 Mtu wa Ajira
Upepo wa matangazo, ndiyo. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute walitazama makampuni yaliyofuta sharti hilo, halafu wakatazama nani aliajiriwa kweli. Mabadiliko yaligusa chini ya ajira 1 kati ya 700. Tangazo lilibadilishwa na wakubwa, uteuzi ukaendelea kufanywa na watu waoga kama mimi.

#38 Bundi Mkesha
Thiel mwenyewe ana digrii mbili za Stanford, ya falsafa na ya sheria. Ametosheka yeye, anawaambia wengine waache.

#39 Dada Mpole
Tusisahau swali la chuo gani. Stacy Dale na Alan Krueger, 2002, walilinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya majina makubwa: waliokwenda, na wenye uwezo kama wao waliochagua vya kawaida. Baadaye vipato vyao vilikaribiana sana. Faida ya jina kubwa ilionekana kwa waliotoka familia za kipato cha chini.

#40 Zamu ya Usiku
Hiyo nimeiona kwa macho. Mtoto wa daktari akifeli anatafutiwa njia nyingine mezani kwao. Mimi nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpigia simu. Chuo ndiko nilikokutana na wa kuwapigia. Hawa wanaosema digrii haina maana, mara nyingi ukichunguza wana mjomba.

#41 Kalamu Nyekundu
Mjomba sina, kwa taarifa.

#42 Kisu Butu
Digrii unayo?

#43 Bundi Mkesha
Kimya cha Kalamu kinanitisha.

#44 Kalamu Nyekundu
Ninayo. Uchumi wa kilimo. Nauza vipuri vya pikipiki. Ndiyo maana nina haki ya kuuliza.

#45 Kisu Butu
🤣🤣🤣 Mkuu ungesema ukurasa wa kwanza.

#46 Mzee wa Hesabu
Kabla hujacheka, Kisu: Steve Wozniak wa Apple alirudi Berkeley kumaliza shahada yake, akaipata 1986, akiwa tajiri tayari. Alijiandikisha kwa jina la Rocky Raccoon Clark asisumbuliwe. Hakuihitaji kwa fedha wala kazi.
Na lile la Faraday nilikuwa nalo kiporo. Hesabu za juu hakuzijua. Aliona uga wa sumaku kwa jicho la fikra, lakini aliyeugeuza kuwa milinganyo ni James Clerk Maxwell, aliyesoma Edinburgh na Cambridge. Waya na mhandisi wake hawajaanza leo.

#47 Mgeni Wenu
Habari za humu. Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Mdogo wangu amemaliza sekondari, amepata nafasi mbili kwa pamoja: chuo, uhandisi wa mitambo, miaka minne, na uanagenzi wa miaka mitatu kwenye kiwanda, unalipwa posho tangu mwezi wa kwanza. Wazazi wanataka chuo. Yeye anataka kiwanda. Mimi nimewekwa katikati. Mngemwambia nini?

#48 Mama Wawili
Chuo. Kiwanda kitakuwepo.

#49 Waya Mtupu
Kiwanda. Chuo hakihami.

#50 Dada Mpole
Karibu jamvini. Ujerumani mfumo huo ni njia ya heshima kabisa, kuna fani zaidi ya 300 zenye uanagenzi unaotambuliwa kisheria, kijana anagawa wiki kati ya kazini na shule ya ufundi. Ila unafanya kazi kwa sababu cheti cha mwisho kinakubaliwa na waajiri wote. Muulize: hicho cheti cha kiwanda kinatambuliwa nje ya kiwanda chenyewe?

#51 Mtu wa Ajira
Na aulize kama kinahesabika akitaka kuomba chuo baadaye. Kwa maandishi. Ahadi za mdomoni usizichukue, mimi nimezitoa nyingi.

#52 Nusu Digrii
Aulize chuo pia kama wataahirisha nafasi yake. Na kama ada haina uhakika wa kufika mwaka wa nne, asianze. Nusu haina mnunuzi.

#53 Mgeni Wenu
Nashukuru. Nimeuliza. Chuo wanaahirisha mwaka mmoja tu. Kiwanda wanasema cheti kinatambuliwa na bodi ya ufundi, na ukiwa nacho unaruhusiwa kuomba chuo, lakini unaanzia mwaka wa kwanza kama kawaida.

#54 Mzee wa Hesabu
Basi hesabu yake ni miaka 7 akitaka vyote, huku mitatu ya kwanza analipwa. Si mbaya kwa mtu wa miaka 18. Kwa wa 25 ningesita.

#55 Mama Wawili
Mzee, ukishazoea mshahara darasani hurudi. Waulize walioahidi.

#56 Waya Mtupu
Mgeni, mwambie aje kwangu mwezi mmoja kabla ya kuchagua. Ajue kama anapenda kazi ya mikono au anapenda wazo lake.

#57 Kisu Butu
Waya unatafuta kibarua wa bure.

#58 Waya Mtupu
Nalipa. Halafu mhandisi wangu ana miaka 61. Akienda chuo huyo kijana na akimaliza, namba yangu anayo.